Majigambo ya Nyimbo za Hip-hop, na Majigambo Yetu Sisi

Alhamdulillahi Rabbil-aalamin. Sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu,

Baada ya darsa yetu ya Magharibi, kijana mmoja alibaki nyuma watu walipokwisha kutoka msikitini. Namjua tangu udogo wake. Alisoma kwangu chuoni mpaka akakhitimu, na sauti yake ya kusoma Qur'ani ilikuwa nzuri. Leo ana umri wa miaka ishirini na miwili, na kazi yake ni kuendesha tuktuk. Alinieleza kwa haya nyingi kwamba yeye na wenzake wametunga wimbo wa hip-hop, huu muziki wa kufokafoka, na kwamba ndani ya wimbo huo yeye ni tajiri: ana magari, ana majumba, ana mahasidi wanaomlilia ngoa. Ili wimbo upigwe picha, alikodi gari kubwa kwa siku moja, akaazima saa na mikufu, na fedha za kulipia akazikopa kwa simu. Deni lilipomshinda, mamake akaweka rehani mkufu wake wa dhahabu, nao ndio uliobaki katika mahari yake.

Kisha akaniambia: "Maalim, najua utasema nimekosa. Lakini nambie jambo moja. Katika walima wa juzi, alipoingia yule bwana mwenye gari jeupe, watu wote waliinuka, na wewe ukainuka. Mimi nilipoingia hapana aliyenisogezea hata kiti. Basi makosa ya wimbo wangu ni yapi, ikiwa nimeyasema yale ambayo nyinyi wakubwa mwayatenda?"

Ndugu zangu, usiku ule sikuwa na jawabu. Nilimwomba anipe juma moja. Haya niyaandikayo ndiyo jawabu langu kwake, na nimeona tuyasome sote, kwa kuwa swali lake latuhusu sote.

Kwanza tujue kabla hatujahukumu. Katika Sura ya Al-Hujurat Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuichungua khabari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Wengi wetu twaulaani muziki huu, wala hatujui ulikotoka. Na suala la ala za muziki wanazuoni wamelieleza mahali pake. Leo nasema juu ya maneno tu.

Muziki huu ulizaliwa Bronx, upande wa kaskazini wa mji wa New York, huko Marekani. Katika miaka ya 1950 barabara kuu ilipasuliwa katikati ya mitaa ya watu, na maelfu wakavunjiwa maskani yao. Ilipofika miaka ya 1970 kazi zilikuwa adimu, na nyumba nyingi zikiungua, nyingine zikitiwa moto kwa makusudi ili walipwe bima wenye majumba. Waliobaki humo wengi wao walikuwa watu weusi, na watu wa Puerto Rico, na wahamiaji wa visiwa vya Karibi. Tarehe 11 Agosti 1973, msichana aitwaye Cindy Campbell alifanya sherehe katika ukumbi wa jumba walimokaa, nambari 1520 ya Sedgwick Avenue. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana. Kakake, Clive, mzaliwa wa Jamaica ajulikanaye kwa jina la Kool Herc, ndiye aliyepiga santuri. Na makusudio ya dada yake yalikuwa kupata fedha za kununua nguo mpya za kurudi nazo shuleni.

Tazameni basi, ndugu zangu. Mwanzo wa jambo hili, ambalo leo limeenea dunia nzima, ni msichana aliyetaka nguo mpya za shule. Nani kati yetu asiyejua uchungu wa mtoto asiye na kanzu mpya siku ya Idi? Na dini yetu haikuwa kali juu ya tamaa hiyo. Mtume (s.a.w.) alipoonya kwamba haingii Peponi mwenye chembe ya kiburi moyoni, mtu mmoja alimwuliza khabari ya yule apendaye nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Mtume akamfahamisha kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na apenda uzuri. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Hadithi hii ameipokea Imamu Muslim, nasi tutairudia.

Haifai pia kusema kwamba muziki wote huu ni majigambo. Mwaka 1982 Grandmaster Flash na wenzake walitoa wimbo uitwao The Message, na ndani yake wakaeleza dhiki ya mitaa yao bila ya kuificha. Yule aliyeonewa ana haki ya kusema kwamba ameonewa. Lakini karibu na kilio hicho palikuwa na maneno ya namna nyingine: mimi ndimi bora, mimi sina mfano, tazameni nilichovaa. Mwaka 1986 kundi la Run-DMC liliimba juu ya viatu vyao vya Adidas, na kampuni yenye viatu hivyo ikafunga nao mkataba wa fedha nyingi. Tangu hapo wafanya biashara walitambua kwamba majigambo ya mtu aliyekuwa maskini ni bidhaa, tena bidhaa inayokwenda kwa wepesi. Kilichokuwa dawa ya unyonge kikawa mtaji wa dukani.

Wala kujigamba si jambo geni. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa nalo, wakiliita fakhri, na mshairi wa kabila alikuwa silaha yake. Wanazuoni wa sira wametueleza kwamba mwaka wa 9 wa Hijra ujumbe wa Banu Tamim ulifika Madina, wakamwita Mtume (s.a.w.) kwa ukelele nyuma ya vyumba vyake, wakasema wamekuja kushindana naye kwa kujifakhari. Mtume akawapa ruhusa. Akasimama khatibu wao, Utarid bin Hajib, akajisifu kwa wingi wa mali na watu na daraja. Mtume akamwamuru Thabit bin Qays amjibu. Kisha akasimama mshairi wao, Zibriqan bin Badr, na Hassan bin Thabit akamjibu. Walipokwisha, al-Aqra bin Habis, naye ni mmoja katika wakubwa wao, alikiri kwamba khatibu wa Mtume ni bora kuliko wao, na mshairi wake ni bora kuliko wao. Wakasilimu, na Mtume akawapa zawadi njema.

Zingatia, ewe ndugu yangu. Mtume hakumkata mtu ulimi, wala hakusema ushairi ni wa mashetani. Aliugeuza ulimi uelekee kwingine. Utarid alisifu mali ya watu wake. Thabit alimsifu Mola wake, na Mtume aliyeletwa, na haki waliyoisimamia. Mashindano yalikuwa yale yale, na sanaa ile ile. Kilichobadilika ni kile kinachosifiwa.

Na sisi watu wa pwani tusijitie kwamba hatuyajui hayo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na mahasimu wa mji wake, na majigambo yake twayahifadhi mpaka leo, tukijivunia. Babu zetu walikuwa na beni zao, Mombasa na Lamu, kundi likishindana na kundi kwa mavazi na karamu. Basi vijana hawakuletewa majigambo na meli ya Marekani. Waliyakuta nyumbani.

Sasa nieleze ubaya wake uko wapi. Nimeona maradhi matatu.

Maradhi ya kwanza ni kusema usiyoyatenda. Mwisho wa Sura ya Ash-Shuaraa, Mwenyezi Mungu amewataja washairi wanaotangatanga katika kila bonde na kusema wasiyoyatenda, kisha akawatoa katika lawama wale walioamini, wakatenda mema, wakamkumbuka Mungu kwa wingi, na wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Na Mtume (s.a.w.) amemfananisha mwenye kujionyesha kuwa na kitu asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uwongo.

Jee, mwataka mfano wa zama zetu? Yuko mwimbaji wa Marekani, Curtis Jackson, aitwaye 50 Cent. Mwaka 2003 alitoa santuri ambayo jina lake lamtaka mtu atajirike au afe akijaribu, na mamilioni ya vijana walikariri maneno yake. Mwezi wa Julai 2015 alikwenda mahakamani kutangaza kwamba amefilisika. Mwaka uliofuata hakimu alimtaka aeleze picha alizozitangaza mwenyewe, zikimwonyesha pamoja na mafurushi ya noti. Akajibu kwamba fedha zile ni bandia, fedha za maigizo. Insafu yanilazimu niseme kwamba baadaye alilipa madeni yale, na kesi ikafungwa mwaka 2017. Lakini zingatieni: vijana waliokuwa wakizitazama noti zile na kuuchukia umaskini wao walikuwa wakihusudu makaratasi. Na huku kwetu kijana wangu ameazima saa, amekodi gari, na yuko mwingine mtaa wa pili amtazamaye yeye na kumhusudu. Uwongo wahusudu uwongo, na mkufu wa mama u rehani.

Maradhi ya pili ni kusema: nimepata kwa nguvu zangu. Hapa pengine kijana atanijibu: "Maalim, si wote waongo." Asema kweli. Jay-Z, aliyekulia katika nyumba za maskini Brooklyn, alitajwa na gazeti la Forbes mwaka 2019 kuwa wa kwanza katika watu wa hip-hop kufikia utajiri wa dola bilioni moja. Basi tuseme mali ni ya kweli. Jee, majigambo yamekuwa halali?

Jawabu limo katika Sura ya Al-Qasas. Karuni hakuazima mali yake. Hazina zake zilikuwa kweli, hata funguo zake zikiwaelemea watu wenye nguvu. Walipomnasihi asijitape na asiisahau akhera, wala asiisahau sehemu yake ya dunia, alijibu kwamba amepewa mali ile kwa sababu ya elimu aliyo nayo. Kisha akawatokea watu katika mapambo yake, na wale waliotaka maisha ya dunia wakatamani wawe na mfano wa alichopewa. Ardhi ilipommeza yeye na nyumba yake, wale waliotamani jana ndio walioamka wakimshukuru Mungu kwamba hawakuwa yeye. Makosa ya Karuni hayakuwa kuwa na mali. Makosa yake yalikuwa kuifuta neema na kuandika jina lake mahali pake.

Katika mambo ya dunia pia twayaona. Mwimbaji MC Hammer aliuza zaidi ya santuri milioni kumi za kazi yake ya mwaka 1990, akajenga kasri, akalisha watu wengi. Mwaka 1996 akatangaza kufilisika. Simtaji kwa kumcheka. Namtaja kwa kuwa mali ikija hualika mashahidi wengi, na ikiondoka huondoka bila ya kuaga.

Maradhi ya tatu ni kuwadharau watu, nacho ndicho kiburi chenyewe kama tulivyosikia katika hadithi. Wimbo wa majigambo hautoshi kusema mimi ni juu; hutaka pia pawe na mtu chini. Mara nyingi huyo wa chini ni mwanamke, anayetajwa kama kitu miongoni mwa vitu, baina ya gari na saa. Ama huwa ni mpinzani, anayetukanwa yeye na wazee wake. Tupac Shakur alipigwa risasi Las Vegas, akafa tarehe 13 Septemba 1996, umri wake miaka 25. Christopher Wallace, aitwaye Notorious B.I.G., aliuawa Los Angeles tarehe 9 Machi 1997, umri wake miaka 24. Walikuwa marafiki kabla ya kuwa mahasimu. Sisemi kwamba nyimbo ndizo zilizowaua. Hilo ni la mahakimu, na Mungu ndiye ajuaye. Nasema kwamba matusi yao yaliimbwa, yakauzwa, yakashangiliwa, na waliokuwa wakishangilia walirudi nyumbani salama, na mama wawili wakabaki na msiba.

Hayo ndiyo makosa ya wimbo, ewe mwanangu uliyeniuliza. Sasa narudi kwenye nusu ya pili ya swali lako, nayo ni nzito zaidi kwangu.

Umesema kweli kwamba niliinuka. Sikuinuka kwa elimu ya bwana yule, kwani sijui kama anayo. Wala kwa ucha Mungu wake, kwani siujui. Niliinuka kwa gari lake. Simtuhumu, pengine mali yake ni halali tupu. Lakini mimi sikujua, na sikuuliza. Na katika mji huu, ambamo unga umewala watoto wetu mpaka tukawazika, wangapi twawainukia na hatuulizi mali yao imetoka wapi?

Tazameni harusi zetu. Baba mwenye duka dogo hukopa ili bintiye asionekane duni kuliko binti wa jirani. Watu huhesabu sahani za pilau na magari ya msafara, na khabari huenea mjini kabla ya adhana ya Alfajiri. Kijana akija kuposa, jambo la kwanza liulizwalo ni ana nini, na sala yake huulizwa mwisho, ikiwa yaulizwa. Na sisi mashekhe tumo: wako wapendao kutajwa kwa lakabu ndefu, na wako ambao kiti chao kikisogezwa nyuma safu moja hununa juma zima. Hayo yote ni nyimbo za majigambo, ila hazina ngoma. Mtoto akizisikia miaka ishirini nyumbani kwao, kisha akaja kuziimba kwa sauti kubwa, twashangaa nini?

Mshairi wetu wa Pate, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alituachia Al-Inkishafi, na ndani yake auonyesha moyo wake majumba ya fakhari ya Pate yaliyobaki magofu. Twaisifu kwa lugha yake, kisha twatoka kwenda kushindana kwa mapazia.

Jee, dawa ni nini? Kumwambia kijana anyamaze na akubali unyonge? Hasha. Kiu ya kutambuliwa si dhambi. Mwenyezi Mungu mwenyewe ameieleza izza katika Sura ya Al-Munafiqun kwamba ni yake, na ya Mtume wake, na ya Waumini. Tatizo ni kwamba tumemwonyesha kijana mlango mmoja tu wa izza, nao ni mali, kisha tukamfungia.

Mtume (s.a.w.) alifungua milango mingine. Siku ya kufunguliwa Makka alimpandisha Bilal, aliyekuwa mtumwa akiburutwa juu ya mchanga wa moto, akaadhini juu ya Al-Kaaba mbele ya wakubwa wa Makureshi. Na palikuwa na mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Alipokufa, watu waliona jambo lake ni dogo, wakamzika bila ya kumwarifu Mtume. Mtume akamkosa, akauliza khabari zake. Alipoambiwa amekufa, aliwalaumu kwa kutomwarifu, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamsalia.

Ndugu zangu, mfagiaji alikosekana, na Mtume wa Mungu akauliza. Sisi kijana wetu mwenye tuktuk aliingia mbele ya macho yetu, na hatukumwona. Lau tungelimwona, pengine asingelihitaji kukodi gari ili aonekane.

Basi nawausia vijana: mwenye kipawa cha maneno asikizike. Hassan alikuwa mshairi, na Mtume alimwombea msaada wa Jibrili. Sema kweli ya mtaa wako. Sema juu ya dhuluma, juu ya unga, juu ya mama aliyekulea. Neema ukipewa itaje kwa kumshukuru aliyekupa, kama tulivyoamrishwa mwisho wa Sura ya Adh-Dhuha. Wala usione haya kwa kazi ya mikono. Mtume ametufundisha kwamba hapana chakula bora kuliko kile mtu alichokichuma kwa mkono wake, na kwamba Nabii Daud, naye ni mfalme, alikuwa akila kazi ya mkono wake. Usukani wa tuktuk una izza kuliko gari la kukodi.

Nawausia wazazi: ulizeni dini na tabia kabla ya mali, na harusi iwe kwa kadiri ya uwezo. Na naiusia nafsi yangu kwanza, kisha mashekhe wenzangu: tuangalie twamwinukia nani, na twamsogezea nani kiti.

Juma lilipotimia kijana alikuja, nikamsomea haya. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba wimbo ameuondoa, lakini mkufu ungali rehani, na alipa kidogo kidogo kwa kila siku atokayo kazini. Nikamwambia kwamba deni lile si lake peke yake. Katika watu wa darsa tumepatana kumsaidia, kwa kuwa sisi pia tulishiriki kulifanya. Na walima utakaokuja, inshallah, atakaa karibu nami.

Ewe Mola wetu, tuepushe na kiburi kilicho dhahiri na kilichofichika. Wape vijana wetu izza itokayo kwako, isiyokopwa wala isiyouzwa. Na utusamehe sisi wakubwa kwa yale waliyojifunza kwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.